Kusimama Tena Baada ya Kupooza Miguu: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua zilizotufikia kuhusu watu waliopooza miguu ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua nne ambazo, zikisomwa pamoja, zinagusa sehemu kubwa ya yale waliyoyauliza wengine. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na pale barua ilipokuwa ndefu tumeifupisha bila kubadili maana yake.

Mtaalamu, shikamoo. Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Miezi 8 iliyopita aligongwa na lori usiku, akavunjika uti wa mgongo kwenye pingili ya 10 ya kifua, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa vyuma. Tuliruhusiwa kurudi nyumbani bila kuelezwa lolote zaidi ya kuambiwa tufanye mazoezi na kumwomba Mungu. Miguu haisogei kabisa. Shemeji yangu amepata kliniki moja ya nje ya nchi inayochoma sindano za seli za kufufua mishipa ya fahamu kwa shilingi milioni 40, na ndugu wanataka tuuze kiwanja chetu cha Chanika. Je, mume wangu atatembea tena? Na kiwanja tuuze? (Mke wa mgonjwa, Mbagala)

Marahaba, dada yangu, na poleni sana. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri: kiwanja msikiuze kwa ajili ya sindano hizo.

Hadi leo hakuna tiba ya seli iliyothibitishwa kwamba inamrudishia mtu aliyekatika mawasiliano ya uti wa mgongo uwezo wa kutembea. Utafiti upo, na wengine wanaufanya kwa uadilifu mkubwa. Mwaka 2012, huko Wrocław nchini Poland, madaktari walimpandikizia mgonjwa mmoja, Darek Fidyka, seli zilizotolewa kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kunusa, na baada ya mazoezi makali ya muda mrefu akaweza kupiga hatua kwa msaada wa vifaa. Lakini huyo ni mtu mmoja, na matokeo yake hayajageuka kuwa matibabu ya kawaida popote. Upande wa pili kuna madhara: mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mwanamke aliyeota uvimbe ndani ya uti wa mgongo miaka 8 baada ya kupandikizwa seli za puani katika nchi nyingine. Mtafiti wa kweli kwa kawaida hamtozi mgonjwa fedha ili ashiriki katika jaribio, na hamwahidi kitu. Anayeomba milioni 40 kabla hata hajampima mumeo anauza matumaini yenu wenyewe kwenu.

Sasa nije kwenye swali la kutembea. Vyuma alivyowekewa mumeo vinashika mfupa usicheze, navyo vina faida kubwa, kwa kuwa vinamwezesha kukaa na kufanya mazoezi mapema. Lakini haviungi mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, ule unaopeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha habari za mguso, maumivu, joto na haja. Kwa hiyo picha ikionyesha kwamba mfupa umeunga vizuri, hilo halijibu swali lako. Linalolijibu ni kipimo kinachofanywa kwa mikono, kisichohitaji mashine yoyote, ambacho kila mtu aliyeumia uti wa mgongo anastahili kufanyiwa na kuelezwa matokeo yake kwa lugha anayoielewa.

Mtaalamu huchukua kipande cha pamba na pini, akamgusa mgonjwa hatua kwa hatua kuanzia shingoni hadi kwenye mikunjo ya makalio, huku mgonjwa, bila kutazama, akieleza anahisi nini. Kisha hupima nguvu ya misuli mahsusi ya mikono na miguu. Mwisho, akiwa amevaa glavu, huingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa na kumwuliza mgonjwa kama anahisi, kisha humwomba abane. Wapo wagonjwa wanaoona haya kupimwa hivyo, na wapo wahudumu wanaokiruka kipimo hicho kwa kuwaonea haya, lakini hapo ndipo penye jibu. Mishipa ya eneo hilo hutoka mwisho kabisa wa mshipa mkuu wa fahamu, hivyo mgonjwa akihisi au akiweza kubana hata kidogo, maana yake ni kwamba kuna nyuzi zilizosalimika na ujumbe bado unapita pale palipoumia. Matokeo huandikwa kwa herufi. A ni pale ambapo hakuna hisia wala nguvu inayofika huko chini. B ni hisia zipo lakini nguvu haipo. C na D ni pale ambapo nguvu imebaki kwa viwango tofauti. E ni hali ya kawaida.

Katika wiki za mwanzo kipimo hiki huweza kupotosha, kwa kuwa mshipa mkuu huwa umepata mshtuko na kunyamaza. Miezi 8 baadaye kinaaminika zaidi. Dada yangu, sitakuficha: kama mumeo leo ni A, uwezekano wa kutembea kwa miguu yake bila kifaa chochote ni mdogo mno. Kama ni B, mlango haujafungwa. Kama ni C au D, yaani kuna misuli inayojikaza hata kama haijaweza kuinua mguu, basi anahitaji mazoezi ya kutembea sasa hivi, kwa bidii na kwa mpangilio, kwa sababu sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika mwaka wa kwanza, ingawa huendelea polepole hata baada ya hapo. Mpelekeni MOI, taasisi ya mifupa iliyo pale Muhimbili, au hospitali ya CCBRT Msasani, na mkifika mtamke wazi kwamba mnataka apimwe kiwango cha jeraha na mwandikiwe herufi yake.

Hata akiwa A, kusimama kunawezekana. Jeraha la pingili ya 10 ya kifua limemwachia mikono, kifua na sehemu ya misuli ya tumbo. Mtu wa namna hiyo anaweza kutengenezewa vyuma vya miguu vinavyoanzia mapajani hadi kwenye kiatu, vyenye kitasa cha kufunga goti lisijikunje, akajifunza kusimama katikati ya reli mbili za kushikilia, kisha kujirusha mbele kwa magongo mawili. Nchini kwetu mafundi wa vifaa hivyo wamekuwa wakifunzwa katika chuo cha TATCOT, kwenye hospitali ya KCMC mjini Moshi, tangu mwaka 1981, na kazi yao inaheshimika barani kote.

Lakini mwende mkijua jambo moja ambalo mara nyingi halisemwi siku ya kupimwa vyuma: kutembea kwa namna hiyo hula nguvu mara kadhaa kuliko kutembea kwa kawaida, na ni kwa mwendo wa polepole sana, wakati kusukuma kiti cha magurudumu kwenye sakafu ya tambarare hakumchoshi mtu sana kuliko kutembea kulivyokuwa kukimchosha zamani. Ndiyo maana wengi wanaopata vyuma huvitumia kwa mazoezi ya nyumbani, na kwenye shughuli zao huenda kwa kiti. Naomba ndugu wasikione kiti kuwa ni kukata tamaa. Kiti kilichopimwa upana wa nyonga zake na urefu wa mapaja yake, chenye mto mzuri, kitamtoa nje ya chumba miezi mingi kabla ya vyuma kukamilika. Mumeo ni dereva, na ufundi wa barabara haujamtoka: jijini wapo watu waliopooza miguu wanaoendesha vyombo vya magurudumu matatu ambavyo breki ya mguu imehamishiwa mkononi. Kama kuna fedha ya ukoo ya kutumia, itumieni hapo, na kwenye godoro, na kupanua mlango wa choo.

Wakati mnasubiri miadi, angalieni ngozi yake kila siku kwenye kitako, nyonga, visigino na vifundo. Akilala ageuzwe kila baada ya saa 2. Akikaa, ajinyanyue kwa mikono au aegemee upande mmoja kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kidonda kimoja cha mgandamizo kinaweza kumrudisha kitandani kwa miezi mingi, na hakuna mtaalamu atakayemsimamisha mtu mwenye kidonda kibichi kwenye kitako.

Nina umri wa miaka 24 na nimepooza miguu tangu miaka 3 iliyopita nilipoanguka kutoka ghorofani kwenye kazi ya ujenzi. Kwenye simu naona video za watu kama mimi huko Uswisi na Marekani wakitembea kwa umeme au kwa roboti. Je, ni kweli? Na mimi nifanye nini ili niwe miongoni mwao? (Kijana wa Tabata)

Ni kweli, mdogo wangu, ila video fupi huonyesha hatua na kuacha yanayozizunguka.

Habari za umeme zilianza kusikika sana mwaka 2011, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville huko Marekani, wakiongozwa na Susan Harkema, walipoeleza hali ya Rob Summers, mcheza besiboli aliyepooza baada ya kugongwa na gari. Walikuwa wamempandikizia kifaa kinachotoa umeme mdogo juu ya mshipa mkuu wa fahamu, chini ya jeraha, naye akaweza kusimama akibeba uzito wake mwenyewe kwa dakika kadhaa na kusogeza miguu kwa kutaka. Wazo lenyewe ni hili: mshipa mkuu ulio chini ya jeraha haujafa, una mitandao yake inayojua kupanga hatua, ila umekosa msukumo kutoka juu; umeme huiamsha mitandao hiyo ili hata ujumbe hafifu uliopenya kwenye jeraha uweze kusikika. Mwaka 2018 timu tatu, za Louisville, kliniki ya Mayo na Lausanne nchini Uswisi, zilitoa taarifa za watu waliopiga hatua kwa njia hiyo. Mwaka 2022 timu ya Lausanne, ya Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch, iliripoti habari za watu watatu waliopooza kabisa ambao walianza kupiga hatua kwenye mashine ya mazoezi, wakiwa wamening'inizwa kwa mikanda, siku ileile kifaa kilipowashwa, na baada ya miezi ya mazoezi wakatembea nje wakishikilia fremu ya magurudumu. Mwaka 2023 wakaripoti kwamba wamemwunganishia Mholanzi Gert-Jan Oskam ubongo na uti wa mgongo kwa mawasiliano yasiyotumia waya, yanayoruka jeraha; yeye jeraha lake halikuwa kamili, na alikuwa na nafuu fulani tangu awali.

Zingatia fremu ile na miezi ile ya mazoezi, kwa sababu ndivyo visivyoonekana kwenye video. Hakuna aliyeamka kitandani akaenda zake. Hadi sasa vifaa hivi vya kupandikiza kwa ajili ya kutembea vinatolewa ndani ya tafiti, kwa watu wachache waliochaguliwa.

Roboti la kuvaa ni jambo jingine kabisa. Halirudishi mawasiliano ya mishipa. Linabeba miguu kwa mota, nawe unaliongoza kwa kuinamisha mwili huku umeshika magongo. Aina iitwayo ReWalk iliruhusiwa Marekani kutumika nyumbani mwaka 2014. Aliyeibuni, Amit Goffer wa Israeli, alikuwa mwenyewe amepooza mikono na miguu, na kwa kuwa kifaa chake kinahitaji mikono yenye nguvu, hakikuweza kumfaa yeye. Kazi aliyoifanya kwa ajili ya wengine naiheshimu sana. Bei ya mashine hizo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, nazo zinahitaji sakafu imara, fundi wa karibu na mtu wa kukusimamia, kwa hiyo katika mitaa yetu yenye mchanga na mitaro isiyofunikwa zingekuwa na manufaa zaidi ndani ya jengo la mazoezi kuliko njiani.

Umeuliza ufanye nini. Ukitazama masharti ya tafiti hizi na ya maroboti, utaona yanafanana: nyonga na magoti yanyooke bila kukwama, kifundo kikunjike, ngozi isiwe na kidonda, mifupa iwe na nguvu ya kubeba uzito, mabega yawe na afya, mkojo usiwe na maambukizi yasiyodhibitiwa. Kijana aliyeacha magoti yake yakakakamaa yakiwa yamejikunja ameshajiondoa kabla hajaulizwa. Kwa hiyo jinyooshe kila siku na lala kifudifudi kwa muda kila siku kama ngozi na mgongo vinaruhusu. Kama kibofu hakijitoi chenyewe, jifunze kutoa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa 4 hadi 6 badala ya kuacha mpira ukae ndani miezi na miezi. Tafuta pia kusimama kwa fremu, jambo nitakalolieleza hapa chini. Ukijiweka hivyo, tiba ikifika utakuwa tayari; na hata isipofika upesi, utakuwa unaishi katika mwili usiokuuma wala kukulaza hospitali kila mara.

Binti yangu ana miaka 12. Kwa miezi kadhaa alilalamika mgongo, akakonda, usiku anatoka jasho, na sasa mgongo umetokeza kinundu. Wiki hizi mbili miguu imekuwa dhaifu, anaburuza. Hakuanguka wala kugongwa. Bibi yake anamkanda kwa mafuta. Nimsaidieje atembee vizuri? (Baba, Kigamboni)

Baba, mkomesheni kumkanda na mumpeleke hospitali leo, si kesho. Dalili ulizozitaja, yaani maumivu ya mgongo ya muda mrefu, kukonda, jasho la usiku na kibyongo kinachojitokeza, ndizo za kifua kikuu cha uti wa mgongo hadi vipimo vikatae. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na bado upo kwetu. Vijidudu vilevile vya TB hula pingili, zikaporomoka, na usaha ukaubana mshipa mkuu wa fahamu.

Nakuhimiza kwa sababu huku ni kupooza kunakotibika. Dawa za TB, ambazo katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, humezwa kwa miezi 9 hadi 12 ugonjwa ukiwa kwenye mifupa, na watoto wengi walioanza dawa mapema hurudi kutembea. Wengine huhitaji pia upasuaji wa kuondoa mgandamizo. Akianza kushindwa kukojoa, au miguu ikizidi kulegea, hilo ni jambo la dharura hata kama ni usiku wa manane.

Wasomaji wengine nao walijue hili: mtu akipooza miguu pasipo ajali, msikubali kuambiwa ni mkosi kabla hajapimwa. TB, uvimbe, na hata kichocho kilichoingia kwenye uti wa mgongo huweza kuleta hali hiyo, na kichocho kina dawa.

Kaka yangu alipooza miguu miaka 2 iliyopita na daktari ametuambia wazi kwamba hatatembea. Kituo cha mazoezi ni mbali na nauli ya kumchukua ni kubwa. Kuna faida yoyote ya kumsimamisha nyumbani? Na je, fundi wa mtaani anaweza kututengenezea fremu? (Mdogo wa mgonjwa, Kimara)

Faida ipo, nawe umeuliza swali ambalo natamani liulizwe zaidi. Kusimama huinyoosha nyonga, magoti na vifundo kwa wakati mmoja. Kwa wengi hutuliza mikazo ya misuli kwa saa kadhaa, huwasaidia kupata choo, na huondoa mgandamizo kwenye kitako. Ipo pia faida ambayo wagonjwa wenyewe huitaja kwanza, nayo ni kuzungumza na watu macho kwa macho. Kuhusu kuimarisha mifupa ushahidi ni hafifu, hasa kwa aliyepooza miaka mingi, kwa hiyo nisikuahidi hilo.

Fundi seremala au wa kuchomelea anaweza kuitengeneza, mradi asimamiwe. Kitako cha fremu kiwe kipana kuliko mabega ya kaka yako na kizito, isipinduke akiegemea. Mbele pawe na ubao wenye sponji nene iliyofunikwa kwa reksini, unaokaa chini kidogo ya goti, wala usigandamize kifuniko cha goti chenyewe. Nyuma pawe na mkanda mpana unaopita kwenye makalio, si kiunoni, kwa sababu ndio unaozuia nyonga kukunjika. Juu pawe na meza ya kuegemeza viwiko, na chini pawe na vizuizi vya visigino. Avae viatu, nyayo zikae bapa. Mbao zipigwe msasa pote zinapogusa ngozi: hahisi, hivyo ukingo unaokwaruza hatausema.

Siku za mwanzo shinikizo la damu hushuka anaposimamishwa, akaona kizunguzungu au giza. Mfungeni mshipi mpana tumboni, mwinueni polepole, na mwanzo dakika 5 zinatosha. Akizidiwa, mrudisheni alale, miguu ikiwa juu. Ongezeni kidogo kidogo hadi dakika 30 au zaidi, siku nyingi za wiki. Kila mkimaliza, mvueni na mtazame magoti, makalio na nyayo. Wekundu au weusi usiopotea baada ya nusu saa unataka fremu irekebishwe kabla ya kutumika tena.

Yapo mambo mawili yanayohitaji tahadhari kubwa. Mtu ambaye hajasimama kwa miaka 2 huenda mifupa yake, hasa juu kidogo ya goti, imekuwa myepesi kiasi cha kuvunjika bila kelele wala maumivu. Goti likivimba na kupata joto ghafla, apigwe picha. Na kama jeraha lake ni la pingili ya 6 ya kifua au juu yake, maumivu makali ya kichwa yakija pamoja na jasho na uso kuwa mwekundu, mketisheni mara moja, mlegeze mikanda yote na mwangalie kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa, kwa sababu shinikizo la damu huwa limepanda kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Yasipotulia ndani ya dakika chache, hospitali.

Nauli mnayoiogopa itumieni mara moja tu kwa kuanzia: mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia akiwa na vipimo vya fremu vilivyoandikwa kwenye karatasi, mtaalamu ampime mifupa, viungo na shinikizo la damu, awaonyeshe namna ya kumwinua bila kuumiza mabega yake wala migongo yenu, kisha ndipo fundi aanze kukata mbao.